Kahawa ya Asili Moja au Mchanganyiko? Somo kwa Mnunuzi na Mkulima wa Taita Taveta

Mkazi wa Voi anayeingia dukani kununua kahawa hukuta pakiti nyingi zimepangwa pamoja, na bei zake zinatofautiana sana. Moja imeandikwa kuwa ni kahawa ya Kenya, nyingine inajisifu kuwa ni arabika tupu, nyingine ina herufi AA kwa wino wa dhahabu, na nyingine haitaji inakotoka hata kidogo. Wengi huchagua kwa bei au kwa rangi ya pakiti. Matokeo yake, mmoja hulipa fedha nyingi kwa kahawa ambayo ladha yake itamezwa na maziwa na sukari, na mwingine huamini amenunua kahawa ya mahali fulani, kumbe pakiti haikuahidi hivyo.

Somo hili linaeleza tofauti kati ya kahawa ya asili moja na kahawa mchanganyiko, jinsi ya kusoma pakiti, na jinsi ya kujipima nyumbani kabla ya kutumia fedha. Sehemu ya mwisho ni ya mkulima wa vilimani, kwa sababu swali hilohilo humfikia yeye kwanza: je, kahawa yake itafika kikombeni ikiwa na jina la mahali ilikotoka, au jina litapotea njiani?

MANENO YA KUANZIA

Kahawa ya asili moja ni kahawa iliyotoka mahali pamoja panapotajwa. Mahali hapo panaweza kuwa papana au pembamba. Ngazi ya kwanza ni nchi, kwa mfano Kenya au Ethiopia. Ngazi ya pili ni eneo, kama vile kaunti au mlima fulani. Ngazi ya tatu ni chama cha ushirika au kiwanda kimoja kinachopokea matunda ya wakulima wa karibu. Ngazi ya nne ni shamba moja. Pakiti zote nne zinaweza kuitwa za asili moja bila uongo, lakini ahadi zake hazilingani. Kahawa "ya Kenya" inaweza kuwa imetoka Nyeri, Kisii na Bungoma kwa pamoja. Kahawa ya kiwanda kimoja hutoka kwa wakulima wanaoweza kuhesabiwa.

Kahawa mchanganyiko ni ile ambayo mkaangaji ameunganisha kahawa za asili mbili au zaidi kwa makusudi. Anaweza kuchanganya nchi tofauti, maeneo tofauti, au aina mbili kuu za kahawa, yaani arabika na robusta. Arabika hustawi mahali pa juu penye baridi, na ladha yake ina uchachu wa matunda na harufu nyingi. Robusta huvumilia joto na nyanda za chini, ina uchungu zaidi, ni nzito mdomoni, na kafeini yake hukaribia mara mbili ya ile ya arabika. Uganda hulima robusta kwa wingi. Kenya hulima zaidi arabika.

Maneno haya mawili hayataji ubora. Kahawa ya shamba moja inaweza kuwa mbaya ikiwa matunda yalichumwa mabichi au yalikaushwa vibaya. Mchanganyiko unaweza kuwa mzuri sana ukitengenezwa na mtu anayejua kazi yake. Tofauti iko kwenye kinachoahidiwa: mchanganyiko huahidi ladha isiyobadilika, na asili moja huahidi mahali.

BURA, 1893

Somo hili lina uhusiano wa karibu na kaunti hii. Historia ya kahawa nchini Kenya huanzia katika vilima vya Taita. Mwaka wa 1893 wamisionari Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu, wengi wao wakiwa Wafaransa, walipanda kahawa katika misheni ya Bura. Mbegu zilikuwa za aina ya Bourbon, ambayo imepewa jina la zamani la kisiwa cha Réunion katika Bahari ya Hindi. Katika miaka hiyohiyo ya 1890, wamisionari wa shirika hilo walipanda kahawa pia Kilema, upande wa pili wa mpaka, kwenye miteremko ya Kilimanjaro.

Baadaye shirika hilo lilifungua misheni ya Mtakatifu Austin karibu na Nairobi, na kutoka huko mibuni ilienea kwa walowezi. Kahawa hiyo ilijulikana kwa jina la "French Mission", yaani Misheni ya Wafaransa. Katika miaka ya 1930, Maabara ya Scott kule Kabete yalichagua miti bora na kuipa majina ya SL28 na SL34, ambayo hadi leo ndiyo huisifisha kahawa ya Kenya duniani. Kisha kituo cha utafiti cha Ruiru kilitoa aina zinazostahimili magonjwa: Ruiru 11 mwaka wa 1985 na Batian mwaka wa 2010.

Hata hivyo, kahawa ilipokua kuwa zao kubwa la taifa, umaarufu ulihamia Nyeri, Kirinyaga, Murang'a, Kiambu na sehemu nyingine za Mlima Kenya. Vilima vya Taita vilibaki na kahawa kidogo. Sababu za kimaumbile zipo: Voi iko kwenye tambarare yenye joto, takriban mita 600 tu juu ya usawa wa bahari, hapafai arabika. Ni kule juu tu, upande wa Wundanyi na sehemu za Mwatate, ndipo penye baridi na ukungu wa kutosha. Kilele cha Vuria hupita mita 2,200, lakini ardhi ya kilimo huko ni ndogo na yenye miteremko mikali, na kahawa hushindana na mboga, mahindi na ndizi.

Hali hii ndiyo inayofanya suala la asili moja liwe zito hapa. Eneo lenye kahawa nyingi linaweza kuuza kwa wingi. Eneo lenye kahawa kidogo haliwezi kushinda kwa wingi, na nguvu iliyobaki ni jina lake.

KWA NINI KAHAWA HUCHANGANYWA

Kuchanganya kahawa si udanganyifu wala si jambo geni. Mchanganyiko unaotajwa kuwa wa zamani zaidi duniani uliunganisha kahawa iliyopitia bandari ya Mokha nchini Yemeni na ile ya kisiwa cha Java. Mkaangaji huchanganya kwa sababu kuu nne.

Ya kwanza ni ladha isiyobadilika. Kahawa ni zao la shamba, na mvua ya mwaka huu haifanani na ya mwaka jana. Nchini Kenya msimu mkuu wa mavuno huwa karibu Oktoba hadi Desemba, na msimu mdogo huwa karibu Aprili hadi Julai, tofauti zikiwepo kutoka eneo hadi eneo. Mnunuzi anayetaka kikombe kilekile Januari na Agosti hawezi kutegemea shamba moja. Mkaangaji hupunguza hii na kuongeza ile ili ladha ibaki palepale.

Ya pili ni bei. Kahawa moja ikipanda bei, mkaangaji anaweza kupunguza sehemu yake katika mchanganyiko bila mnunuzi kuhisi mabadiliko makubwa.

Ya tatu ni ulinganifu wa ladha. Kahawa ya Kenya inajulikana kwa uchachu wake mkali, na wakaangaji wa nje huinunua ili kuipa uhai michanganyiko iliyopoa. Kahawa nyingine huleta uzito, na nyingine huleta utamu.

Ya nne ni matumizi. Waitaliano wanaotengeneza espreso mara nyingi huongeza robusta kidogo ili povu la juu liwe zito na ladha ipenye. Kahawa nyingi za unga wa kuyeyuka papo hapo pia huwa ni mchanganyiko, na baadhi ya bidhaa za bei nafuu huongezwa chikori, ambayo ni mzizi uliokaangwa na si kahawa.

KWA NINI NYINGINE HUTENGWA

Anayeitenga kahawa anataka kitu ambacho mchanganyiko hufuta, yaani ladha ya mahali. Udongo, mwinuko, aina ya mbuni na namna ya kuosha na kukausha huacha alama kikombeni. Kahawa mbili za arabika kutoka vilima viwili tofauti, zikikaangwa sawa na kuchemshwa sawa, zinaweza kutofautiana kama embe la Kaunti ya Kilifi na embe la Makueni.

Faida nyingine ni ya kufuatilia. Pakiti ikitaja kiwanda au shamba, mnunuzi anaweza kuuliza kahawa ilichumwa lini na ilioshwa vipi. Kukiwa na kasoro, inajulikana ilikoanzia, na sifa nayo humrudia aliyeitengeneza. Ndiyo maana wanunuzi wa kahawa ya hali ya juu hukubali kulipa zaidi kwa kahawa yenye anwani.

Hasara zipo pia. Kahawa ya asili moja huisha msimu unapoisha. Ladha yake hubadilika mwaka hadi mwaka. Na makosa yake hayana pa kujificha: kahawa iliyochachushwa kupita kiasi itanuka hivyo kikombeni, kwa sababu hakuna nyingine ya kuifunika.

KUSOMA PAKITI

Pakiti ya kahawa huwa na maneno mengi ya kuvutia. Mnunuzi atenganishe yale yanayotaja mahali na yale yanayotaja mambo mengine.

"Arabika asilimia 100" hutaja aina ya mmea. Haisemi kahawa ilitoka nchi gani, na inaweza kuwa mchanganyiko wa arabika za nchi tano.

"AA", "AB" na "PB" ni madaraja ya Kenya yanayotokana na ukubwa na umbo la punje. Punje hupitishwa kwenye chekecheo zenye matundu ya vipimo maalumu: AA ni kubwa, AB ni za wastani, na PB ni punje ya mviringo inayopatikana tunda linapozaa punje moja badala ya mbili. Herufi hizi hazitaji kaunti, na peke yake hazithibitishi ladha. AB iliyochumwa na kuoshwa vizuri huweza kuishinda AA iliyotunzwa vibaya.

"Kahawa ya Kenya" hutaja nchi. Ni asili moja kwa ngazi pana zaidi.

"Imekaangwa Nairobi" au "imefungwa Mombasa" hutaja kazi ilikofanyiwa, si shamba lilipo.

Picha ya mlima au tembo ni pambo tu. Mnunuzi wa Voi anajua vizuri kwamba tembo wa Tsavo hawalimi kahawa.

Maneno yenye uzito ni haya: jina la kaunti au eneo, jina la chama cha ushirika, kiwanda au shamba, msimu wa mavuno, aina ya mbuni, na tarehe ya kukaangwa. Pakiti ikiwa na manne kati ya hayo, mkaangaji ameweka maelezo yanayoweza kuulizwa na kujibiwa. Pamoja na hayo, bidhaa iliyofungwa inapaswa kuwa na uzito halisi, jina na anwani ya mtengenezaji, orodha ya viungo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, na alama ya ubora ya KEBS. Orodha ya viungo isomwe kila mara, kwani hapo ndipo chikori, sukari au maziwa ya unga hutajwa.

Tarehe ya kukaangwa ina umuhimu wa pekee kwa wakazi wa tambarare. Kahawa iliyokaangwa hupoteza harufu kwa sababu ya hewa, mwanga, unyevu na joto, na ikishasagwa hupoteza haraka zaidi. Kahawa ya shamba maarufu iliyokaa miezi minane katika duka lenye joto la Voi inaweza kushindwa na mchanganyiko wa kawaida uliokaangwa wiki mbili zilizopita. Ni afadhali kununua pakiti ndogo mara kwa mara, na kuihifadhi kwenye chombo kinachofunga vizuri, mbali na jiko na dirisha.

IPI KWA KINYWAJI KIPI

Namna ya kunywa ndiyo ishike usukani wa uchaguzi.

Kahawa ya maziwa na sukari. Maziwa hufunika uchachu na harufu nyepesi. Mchanganyiko mzito, hata wenye robusta kidogo, hupenya vizuri zaidi. Kulipia kahawa ya shamba moja kwa kinywaji hiki mara nyingi ni kupoteza fedha.

Kahawa tungu ya tangawizi. Kahawa inayochemshwa kwenye dele na kunywewa kwa vikombe vidogo pamoja na kashata au tende, kama ilivyo desturi ya Pwani, hukaangwa sana na kuchemshwa kwa muda. Tangawizi au iliki huchukua nafasi ya mbele. Hapa pia mchanganyiko unatosha, na kinachohitajika zaidi ni upya wa kahawa na usafi wa maji.

Kahawa nyeusi isiyo na sukari, iliyochujwa. Hapa ladha ya mahali husikika. Mnywaji wa kahawa hii ndiye atakayeona thamani ya asili moja, hasa ikiwa haikukaangwa hadi kuwa nyeusi na kutoa mafuta. Ukaangaji mkali mno huzifanya kahawa zote zifanane, na jina la shamba halibaki na maana.

Kahawa ya baridi. Wakati wa joto, wapo wanaoloweka kahawa katika maji baridi usiku kucha kwenye friji. Njia hii hupunguza uchachu na uchungu. Mchanganyiko hufaa, ingawa asili moja yenye ladha ya matunda huleta kinywaji chenye sifa yake.

KUJIPIMA NYUMBANI: VIKOMBE VITATU

Kabla ya kulipa zaidi, mnunuzi ajue kama ulimi wake unaitambua tofauti. Jaribio lifuatalo halihitaji vifaa vya gharama na linaweza kufanywa na familia, chama cha kina mama au klabu ya shule ya upili.

1. Zitafutwe kahawa mbili, moja mchanganyiko na nyingine ya asili moja. Zote ziwe zimesagwa kwa ukubwa ule ule.

2. Viandaliwe vikombe vitatu vinavyofanana. Mtu mmoja, asiyeonja, aweke kahawa ya aina moja katika vikombe viwili na aina nyingine katika kikombe cha tatu. Kila kikombe kiwe na gramu 10 za kahawa. Aandike alama chini ya kikombe, mahali pasipoonekana.

3. Maji yachemke, yaachwe yapoe kwa nusu dakika, kisha kila kikombe kimiminiwe mililita 180.

4. Baada ya dakika nne, povu la juu livunjwe kwa kijiko na chenga ziondolewe. Kahawa iachwe ipoe kiasi, kwani ulimi uliochomwa na moto hautambui ladha.

5. Mwonjaji aonje vyote vitatu bila sukari, akisuuza mdomo kwa maji kila mara, kisha ataje kikombe kilicho tofauti na wenzake.

Anayebahatisha tu ana nafasi moja kati ya tatu ya kupata jibu. Kwa hiyo jaribio moja halitoshi. Akipatia mara tatu mfululizo, vikombe vikiwa vimepangwa upya kila mara, nafasi ya kuwa ni bahati tupu ni moja kati ya 27. Hapo inaweza kusemwa anaitambua tofauti.

Swali la pili hufuata: anapendelea kipi? Si kosa kupendelea mchanganyiko wa bei nafuu. Jaribio lirudiwe kwa maziwa na sukari. Wengi waliopatia vikombe vyeusi hushindwa maziwa yakiingia, na hilo peke yake ni jibu kuhusu pakiti ya kununua.

HESABU YA MWENYE KIBANDA

Mwenye kibanda au hoteli ndogo huhitaji hesabu, si ladha peke yake. Bei zinazofuata ni za mfano tu. Kila mmoja aweke za kwake.

Pakiti ya gramu 250, kwa gramu 10 kila kikombe, hutoa vikombe 25. Mchanganyiko ukinunuliwa kwa shilingi 400, kila kikombe kinagharimu shilingi 16 za kahawa. Asili moja ikinunuliwa kwa shilingi 800, kila kikombe kinagharimu shilingi 32. Tofauti ni shilingi 16.

Kibanda kinachouza vikombe 40 kwa siku kitatumia shilingi 640 zaidi kila siku kikihamia asili moja kabisa. Kwa siku 26 za kazi, hizo ni shilingi 16,640 kwa mwezi. Ikiwa vikombe 30 kati ya hivyo 40 huuzwa na maziwa, fedha nyingi zimeenda pasipo na faida. Lakini akiweka mchanganyiko kwa kahawa ya maziwa, na asili moja kwa wateja 10 wanaokunywa nyeusi, nyongeza ni shilingi 160 kwa siku. Akiwatoza wateja hao shilingi 20 zaidi kwa kikombe, gharama imerudi na amebaki na kidogo. Huyu ana sababu ya kuandika ubaoni kahawa yake inatoka wapi, mradi aliyoandika ni kweli.

KWA MKULIMA: JINA HUPOTELEA WAPI

Kilo sita hadi saba za matunda mekundu hutoa karibu kilo moja ya kahawa safi iliyokobolewa. Kilo hiyo ikikaangwa hupoteza kati ya asilimia 15 na 20 ya uzito wake, ikabaki gramu 800 hadi 850. Kwa gramu 10 kila kikombe, hivyo ni vikombe zaidi ya 80. Kwa maneno mengine, kila kilo ya matunda inayobebwa mgongoni kushuka mteremko wa Wundanyi ina takriban vikombe 12 ndani yake. Kikombe kikiuzwa mjini kwa shilingi 30 kwa mfano, kilo hiyo ya matunda imezaa shilingi 360 kule mwisho wa safari. Ni kweli kwamba kati yake kuna kuosha, kukoboa, usafiri, kukaanga, pakiti, kodi ya duka na mafuta ya jiko. Hata hivyo, mkulima akiilinganisha na alicholipwa, ataona ni wapi thamani huongezeka.

Jina la mahali hupotea katika hatua nne.

Hatua ya kwanza ni shambani. Matunda mekundu yakichanganywa na mabichi na makavu, hakuna mnunuzi wa kahawa ya asili moja atakayeyataka. Jina bila ubora ni mzigo.

Hatua ya pili ni kuosha na kukausha. Mkulima anayekosa kiwanda cha karibu hukausha matunda pamoja na ganda lake, yale yanayoitwa mbuni sokoni, na mara nyingi humuuzia mpita njia anayenunua kwa debe. Mbuni wa aina hiyo kwa kawaida hupata bei ya chini kuliko kahawa iliyooshwa, na ukishamwagwa kwenye gunia la mnunuzi hauna tena jina la Taita.

Hatua ya tatu ni kinu cha kukoboa. Mizigo midogo huunganishwa ili mashine ifanye kazi kwa faida. Mkulima mmoja mwenye magunia mawili hawezi kudai yatengwe. Wakulima 60 walioungana wanaweza.

Hatua ya nne ni kuuza na kukaanga. Kahawa iliyofika mnadani Nairobi ikiwa na stakabadhi na sampuli yake inaweza kununuliwa kwa jina. Iliyofika bila hivyo huingia kwenye mchanganyiko.

Hivyo basi, wakulima wanaotaka jina libaki wanahitaji mambo matatu kabla ya pakiti nzuri: kuchuma matunda mekundu pekee, kuweka daftari linaloonyesha nani alileta kilo ngapi na siku gani, na kuungana hadi wingi wao utoshe kukobolewa peke yake. Wakati wa kuungana bado haujafika, kuuza kwenye mchanganyiko si aibu. Ni soko halali, mradi mkulima ajue anauza nini na kwa bei gani.

WALIOLINDA JINA

Mifano ya wengine inafundisha. Ethiopia, mwaka wa 2005, ilianza kusajili majina ya Sidamo, Harar na Yirgacheffe kama alama za biashara nchini Marekani. Baada ya mvutano, kampuni ya Starbucks ilitia saini makubaliano na serikali ya Ethiopia mwaka wa 2007 kuhusu matumizi ya majina hayo.

Huko Hawaii, kahawa ya Kona ina sifa kubwa lakini hulimwa kwenye eneo dogo. Kwa miaka mingi sheria iliruhusu pakiti kuitwa "mchanganyiko wa Kona" hata ikiwa na asilimia 10 tu ya kahawa ya Kona. Wakulima walilalamika kwamba jina lao lilikuwa likiuza kahawa ya watu wengine. Mwaka wa 2024 sheria ilibadilishwa ili kiwango cha chini kiwe asilimia 51 kuanzia Julai 2027.

Karibu zaidi na nyumbani, wasusi wa vikapu vya Taita walishirikiana na taasisi ya kitaifa ya KIPI na shirika la kimataifa la WIPO ili kulilinda jina la vikapu vyao kwa alama ya pamoja ya biashara. Kikapu na kahawa ni vitu viwili, lakini somo ni moja: jina la mahali hulindwa na kikundi chenye masharti ya ubora, si na mtu mmoja mmoja.

MASWALI YA KUJIKUMBUSHA

Maswali haya yanaweza kutumiwa katika baraza, chama au darasa.

1. Pakiti imeandikwa "AA, arabika asilimia 100". Je, ni ya asili moja? Jibu: Haijulikani. AA ni daraja la Kenya la ukubwa wa punje na arabika ni aina ya mmea. Mahali itokako hapajatajwa.

2. Familia hunywa kahawa ya maziwa kila asubuhi na bajeti ni ndogo. Inunue ipi? Jibu: Mchanganyiko mpya uliokaangwa karibuni, baada ya kusoma orodha ya viungo.

3. Kahawa ya shamba moja na mchanganyiko, ipi ni bora? Jibu: Swali halijakamilika. Iulizwe kwanza inanywewa vipi, ilikaangwa lini, na nani atakunywa.

4. Mkulima mwenye gunia moja anataka jina la kijiji chake liandikwe kwenye pakiti. Aanze wapi? Jibu: Aanze na matunda mekundu na daftari, kisha awatafute majirani.

Wakulima wanaohitaji ushauri kuhusu miche, magonjwa ya mibuni, usajili wa kikundi au leseni za kuosha, kukoboa na kukaanga kahawa wawasiliane na afisa wa kilimo wa wadi au afisa wa ushirika katika kaunti ndogo zao. Mnunuzi anayeshuku kuwa pakiti ina maelezo ya uongo ahifadhi pakiti na risiti, kisha atoe taarifa kwa KEBS.